Daftari la Kona

Mimi siwezi kukaa. Nikisubiri injini ipoe, napanga spana ambazo zimeshapangwa. Nikisubiri simu, natembea nayo uani mpaka viatu vinalalamika. Siku gari la mama lilipotakiwa kuuzwa nilizunguka gereji mpaka Mjumbe akaniuliza kama nimemeza betri. Mjumbe ni fundi wetu wa bodi. Tulimpa jina hilo kwa sababu habari ikimfikia saa mbili, saa tatu ni ya mtaa mzima.

"Kaa chini, Fundi. Unatutia kizunguzungu."

"Wewe piga msasa wako."

Mnunuzi alikuwa anakuja saa kumi. Kaka yangu ndiye aliyempata, ndiye aliyepanga saa, na tangu asubuhi alikuwa amenitumia ujumbe mara nne kunikumbusha jambo moja tu: taa yoyote isiwake kwenye dashibodi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani, magoti pamoja, kama mzazi aliyeitwa na mkuu wa shule kwa kosa la mwanawe. Miguuni pake palikuwa na beseni lenye vitu alivyovitoa garini: mizani ya kupimia watoto, boksi la glavu, taulo mbili na mwavuli.

Alikuwa amekubali gari liuzwe, na hilo ndilo lililoninyima raha. Mama yangu hakubali kitu kirahisi. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja, na madaktari waliothubutu kumfokea walimaliza kwa kumwomba radhi. Tangu astaafu alikuwa akizunguka na kile kigari cha kijivu kuwatazama wanawake waliotoka kujifungua: anapima mtoto uzito, anakagua kitovu, anamtoa nje baba anayevuta sigara chumbani. Nyumba zenyewe zimetawanyika huku na huku na magoti yake hayataki tena kupanda na kushuka mabasi. Bila gari, kazi hiyo imekwisha.

Wiki sita nyuma alianza kulalamika. "Linanishika," alisema. "Niko kwenye kona, mara linanishika tairi moja, kama mtu kanivuta mkono." Alisema taa ya manjano yenye picha ya gari linaloserereka huwaka, halafu akizima injini na kuwasha tena, inatulia. Mara moja lilimvuta mpaka tairi likapanda ukingo wa barabara, na mwendesha baiskeli akaruka pembeni akimwita majina. Kaka aliposikia hayo akasema mama amezeeka.

Nikapima. Nilichomeka mashine ya kupimia, nikakuta kosa moja limeandikwa: sensa ya mwendo wa pembeni. Nikalifuta.

Acha nieleze, maana hapa ndipo pananiuma. Gari la siku hizi lina mfumo wa kulizuia lisiserereke. Mfumo huo unasikiliza watu watatu, kama baraza. Wa kwanza anasema dereva amekata usukani upande gani. Wa pili anasema gari lenyewe linageukia wapi. Wa tatu, ndiye hiyo sensa ya mwendo wa pembeni, anasema mwili wa gari unasukumwa upande gani. Wote wakisema neno moja, gari linatulia. Mmoja akipinga, kompyuta inaamini gari linaserereka, nayo inakamata breki ya tairi moja bila kumuuliza dereva. Sasa, siku chache kabla mama hajaanza kulalamika, dumu la maji lilikuwa limepasuka ndani ya gari. Nilitoa viti, nikatoa kapeti, nikatoa kasha lililo katikati ya viti, na sensa hiyo ya tatu, iliyokuwa chini yake, nikaichomoa waya. Kila fundi anajua kwamba ukichomoa waya, kompyuta inaandika kosa. Kwa hiyo nilipoliona lile kosa nikacheka. Nikajua ni alama ya kazi yangu mwenyewe iliyobaki humo. Nikafuta, nikaendesha mitaa miwili iliyonyooka, gari likaenda limetulia kama maji ya mtungi.

Nikarudi nyumbani, na mbele ya Kaka nikamwambia mama: "Gari ni zima. Tatizo ni dereva."

Nilisema kwa utani. Ndivyo ninavyojiambia. Mama alinitazama, akatabasamu kidogo, akasema, "Sawa." Wiki tatu baadaye alimpigia Kaka simu mwenyewe, akamwambia atafute mnunuzi.

Sasa ilikuwa saa nane mchana. Nikachomeka mashine ili nimalize kazi ya kumridhisha mnunuzi, na kwenye kioo likatokea kosa lile lile. Sensa ya mwendo wa pembeni.

Kosa nililolifuta mwezi mzima uliopita haliwezi kurudi kama halina anayeliandika. Na sitasema uongo, kidole changu kilikwenda kwenye kitufe cha kufuta. Kilikuwa kitu cha sekunde moja. Mnunuzi angekuta dashibodi safi, Kaka angenyamaza, mama angerudi nyumbani na beseni lake. Kisha nikamfikiria yule mnunuzi, ambaye sikumjua hata kwa sura, akiingia kwenye mzunguko wa barabara na watoto kiti cha nyuma. Nikaondoa kidole.

Nikalipandisha gari kwenye jeki. Nilizungusha tairi moja moja kwa mkono huku nikitazama namba kwenye mashine, zote nne zikasoma sawasawa. Nikanyoosha usukani, ukasoma sifuri. Nikafuata waya kutoka mbele mpaka chini ya dashibodi, sikuona palipokatika wala palipoota kutu.

"Unatafuta nini?" mama akauliza kutoka kwenye benchi.

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo umelinyanyua juu?"

"Mama, niache kidogo."

"Nimekuacha. Uliza tu ukitaka kuuliza."

Sikuuliza. Mimi na mama tunafanana kichwa kigumu, sema yeye anajua kukipumzisha. Nikalishusha gari, nikalipeleka kwenye kiwanja kilicho nyuma ya gereji, nikaweka mashine kiti cha pembeni na kuanza kuzunguka kushoto, pole pole, duara kubwa. Usukani ulisema kushoto. Gari lilisema linageukia kushoto. Sensa ya mwendo wa pembeni ikaonyesha ninageukia kulia. Nikageuza, nikazunguka kulia. Yule wa tatu akasema kushoto. Nikamtukana tusi moja ambalo mama hajui kuwa nalijua.

Sensa iliyokufa hunyamaza, au hutaja namba za kichaa. Hii haikuwa na kichaa wala kifo. Ilikuwa inasema namba sahihi, upande usio sahihi. Simu ikalia, Kaka: "Tuko njiani tunapata chakula kwanza. Taa vipi?" Nikakata. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa mlango kutafuta kitambaa, nikatoka na daftari.

Lilikuwa daftari la shule, jalada limekunjamana. Nililijua mara moja kwa mistari. Mama amechora mistari ya chati kwa rula, kama alivyokuwa akichora za wodini: siku, mahali, mwendo, kilichotokea. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza aliandika: "Imeanza siku ya pili tangu kapeti lirudishwe."

Chini yake yalifuata mengine, kwa mwandiko wake ulionyooka.

"Jumatatu. Kona ya kiwanda cha unga, kulia. Mwendo 45. Lilinishika. Mguu haukuwa kwenye breki."

"Jumatano. Mzunguko wa soko. Mwendo 40. Lilinishika. Taa."

"Alhamisi. Mzunguko huo huo, mwendo 15. Hakuna."

"Ijumaa. Barabara iliyonyooka, mwendo 80. Hakuna. Ni kona tu, na ni mwendo."

Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikitembea, kisha nimesimama tena. Nimekaa kwenye kazi hii miaka kumi na miwili na sijawahi kuletewa gari lenye maelezo mazuri kiasi hicho. Jibu lote lilikuwa humo. Ningeuliza swali moja tu, "Mama, ilianza lini?", ningelipata nikiwa nimekaa sebuleni. Sikumuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshajua.

Halafu nikafungua ukurasa uliofuata. Mama alikuwa amepiga mstari mnene kwa rula, na tarehe iliyoandikwa chini yake niliijua. Ilikuwa siku niliyosema tatizo ni dereva. Kuanzia hapo gari halikutajwa tena. Aliyekuwa kwenye chati ni mama.

"Miwani nimeikuta jikoni juu ya friji. Sikumbuki kuiweka."

"Kipimo cha akili: mia toa saba, toa saba, mpaka mbili. Nimefika bila kukosea. Nimechukua muda mrefu."

"Jina la mtoto wa yule mama wa ghorofani limenitoka. Limerudi baada ya saa mbili."

"Nimesimama mguu mmoja. Sekunde tisa."

"Kabla ya kila kona, hesabu toa saba. Ukikosea, usiingie."

"Nimempima mtoto mara tatu. Uzito ni ule ule. Sijiamini."

Na mwisho, wiki ile ile aliyompigia Kaka simu: "Nisimshike tena mtoto wa mtu. Gari liuzwe."

Nililia pale kiwanjani, sikujificha. Nilikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda, maana kila nilipoielekeza ilirudi kwangu.

Nikarudisha gari ndani na kufungua kasha la katikati ya viti. Hapa gerejini tuna desturi yetu: ukishakaza bolti, unaipaka tone la rangi yako, ili ikija kulegea ijulikane nani wa kuulizwa. Mjumbe ana nyeupe. Mimi natumia rangi ya kucha, nyekundu, na Mjumbe hajawahi kuchoka kunicheka. Chupa ya kwanza alinipa mama nilipoanza kazi. Alisema, "Kwa mikono hiyo hutapaka kucha tena. Paka hata bolti."

Sensa ilikuwa imelala mahali pake, vizuri kabisa, bolti mbili, na juu ya kila bolti tone jekundu. Kwenye mfuniko wake kuna mshale mdogo ambao lazima uelekee pua ya gari. Ulikuwa unaelekea kiti cha nyuma. Matundu ya bolti yanakubali upande wowote, na waya ulikuwa na urefu wa kutosha. Nilijaribu kukumbuka siku ile nilikuwa nawaza nini. Sikukumbuka chochote. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Kuigeuza kulichukua dakika tano. Nikaisawazisha kwa mashine, nikarudi kiwanjani, nikazunguka kushoto na kulia. Wote watatu wakasema neno moja. Saa ilikuwa tisa na nusu.

Hapo ndipo nilipotembea kweli kweli. Kutoka kwenye gari mpaka kwenye bomba, kutoka bomba mpaka kwenye matairi mabovu, nikarudi. Nilikuwa na njia rahisi. Ningesema, "Mama, sensa iliharibika juzi, nimetengeneza." Angepumua, na mimi ningetoka msafi. Watu huniletea magari waliyoshindwa wengine. Mimi ndiye ninayetafuta makosa ya mafundi wa mtaa wa pili na kuyatangaza kwa sauti. Lakini sensa iliyoharibika juzi isingesafisha zile wiki sita. Zingebaki ndani ya daftari, na mama angeendelea kuhesabu.

Nikaenda nikasimama mbele ya benchi.

"Mama, lilikuwa linakushika kweli. Tangu siku ya kwanza."

Akainua macho.

"Nilipokuwa narudisha kapeti niliifunga sensa nyuma mbele. Kila kona ilikuwa inaliambia gari kinyume."

"Nani aliifunga?"

"Mimi. Rangi yangu iko juu ya bolti."

"Na ulipopima?"

"Mashine iliniambia. Nikafuta."

Mama alifumba macho kidogo. "Ulifuta."

"Nilidhani ni..."

"Muuguzi akifuta kitu kwenye chati yangu," alisema taratibu, "nilikuwa namtoa wodini siku hiyo hiyo."

"Nitoe basi."

"Nikutoe uende wapi, wewe mtoto?" Kisha akaona nilichoshika. "Hilo umelipata wapi?"

"Mfuko wa mlango."

"Nimelisahau humo." Uso wake ukaporomoka. "Umeona? Nimetoa vitu vyote, hilo nimelisahau."

"Mama, mimi nimesahau upande wa mbele wa gari."

Hakucheka. Nilitaka sana acheke. "Umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Nisamehe, mama."

Alinyoosha mkono, akalichukua, akalitia kwenye mkoba na kufunga zipu.

Kaka akaingia saa kumi kasorobo, mnunuzi nyuma yake, bwana mpole mwenye shati lililopigwa pasi. "Liko tayari?" Kaka akauliza.

"Haliuzwi."

"Mdogo wangu, tulishakubaliana."

"Tulikubaliana kwamba mama hawezi kuendesha. Mama anaweza. Mimi ndiye niliyeharibu gari. Niliifunga sensa nyuma mbele, gari likanionyesha kosa nikalifuta, halafu nikamsingizia mama mbele yako." Nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kutangaza makosa ya wengine, maana sina nyingine. Msasa wa Mjumbe ukanyamaza. Nikamgeukia. "Umesikia vizuri au nirudie?"

"Nimesikia," akasema Mjumbe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na la kuongeza.

Kaka alimtazama mama, akanitazama mimi, akaanza kusema kuhusu umri na kwamba bado tungefikiria kwa usalama. Mama akasimama. Alimwomba radhi mnunuzi kwa kumpotezea muda, akampa mkono, kisha akafungua kiganja mbele yangu.

"Funguo."

Alirudisha mwenyewe mizani, glavu, taulo na mwavuli, kila kitu mahali pake. Nikakaa mbele, Kaka nyuma, magoti yake yamefika kidevuni. Tulikwenda mzunguko wa soko. Barabara ilikuwa na watu wa jioni, mikokoteni, pikipiki. Mama alitazama kioo, akaingia kwa arobaini kamili, na nikaona midomo yake inacheza. Kaka alishika mpini wa juu kwa mikono miwili. Gari likazunguka. Halikushika. Mama hakutoka, akazunguka mara ya pili, na ya tatu, gari likiwa limetulia barabarani kama lilivyotengenezwa kutulia.

Kisha akatoka, akaegesha pembeni, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Halijanishika," alisema.

"Halitakushika tena, mama."

"Najua. Nimelisikia, limepona." Alikuwa anatazama mbele. "Sasa mbona bado nahesabu?"

Nyuma, Kaka aligeukia dirisha. Miguu ilinitaka nifungue mlango nitembee, nipige tairi teke, nifanye chochote. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Nikauondoa, nikaulaza mapajani.

"Zunguka tena," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

"Mpaka uache. Leo, kesho, wiki ijayo. Mimi nimekaa."

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akawasha indiketa, akatazama kioo, akaingia tena barabarani. Midomo yake ilikuwa inacheza: tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa.